Kiambatisho Kisichofunguliwa

Daktari Mbeyu Ziro aliikubali kazi ile ya bure kwa furaha, wala hakuificha furaha yake. Wakfu mmoja wa Nairobi unaofadhili utafiti wa historia ya sanaa ulimwandikia ukimwomba awe miongoni mwa wahakiki wake wa kujitolea. Kila mwaka angeletewa maombi machache ya ruzuku, ayasome, ayape alama na kuandika maoni. Malipo hayakuwepo. Ilikuwepo heshima tu, na Mbeyu, aliyekuwa amefundisha historia ya sanaa katika chuo kimoja cha Kilifi kwa miaka kumi na sita pasipo mtu wa Nairobi kulijua jina lake, aliihitaji heshima hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Barua ya wakfu aliichapisha akamwonyesha mumewe, akawaonyesha walimu wenzake, kisha akaitia katika faili lake la kuombea cheo.

Mwaka wa kwanza alisoma kila neno. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu yalikuja maombi tisa, yakamkuta katika pilkapilka za harusi. Mpwa wake Viola alikuwa anaolewa Jumamosi, na Mbeyu ndiye shangazi wa kutegemewa: mahema, vyakula, sare za kina mama wa mtaa wa Barani, yote yalipitia mikononi mwake. Maombi manane aliyamaliza. La tisa alilisoma Ijumaa mchana, siku ya mwisho ya kurudisha alama, akiwa saluni huko Shella, Malindi, kichwa kimeinama, msusi anavuta nywele, simu mapajani.

Lilihusu michoro ya ukutani katika hoteli moja kuukuu ya ufuoni Kikambala. Majina ya waombaji hufichwa, kwa hiyo hakujua limeandikwa na nani. Aliona neno hoteli, akaona neno watalii, na papo hapo akilini zikamjia picha alizozichoka: twiga, mikuki, jua jekundu linazama. Akasoma kurasa mbili za mwanzo, akaruka hadi ya mwisho. Palikuwa na kiambatisho. Alikigusa kwa kidole. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, hakikufunguka.

"Inua kichwa kidogo, mama," msusi akamwambia.

Akainua kichwa. Aliporudi kwenye simu hakukigusa tena. Akaandika: "Mwombaji hakuambatisha hata picha moja. Bila ushahidi haiwezekani kusema kwamba michoro hii ina thamani yoyote ya kisanaa." Akatoa alama thelathini kwa mia, akatuma, akafumba macho asikilize soga za saluni.

Harusi ilifana sana.

Miezi mitatu baadaye mlango wa ofisi yake ulibishwa, akaingia Nelly Nyale. Nelly alikuwa mwanafunzi wake zamani, msichana mkimya aliyekuwa akikaa kiti cha mbele, na sasa alifundisha sanaa katika shule ya upili Kikambala.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Habari za masiku?"

Nelly aliweka mezani mfuko wa korosho. "Mama amekaanga mwenyewe, amesema nikuletee." Kisha akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimekuja kuomba msaada. Niliomba ruzuku ya utafiti, nikakosa. Lakini wamenitumia maoni ya wahakiki, nami nataka unieleweshe ili mara nyingine nisikosee."

Mbeyu akaikunjua karatasi. Katika mstari wa pili akakutana na maneno yake mwenyewe. Yalikuwa yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Wawili wamenisifu," Nelly alikuwa akisema. "Huyu wa tatu ndiye aliyeniangusha. Simlaumu. Anasema hakuona picha, na kama hakuziona angesema nini? Lakini Daktari, nilipiga picha kumi na moja. Nilipanda juu ya meza nizipate vizuri. Aliyenitumia ni Japheth, yule mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na shule. Aliapa kwamba zilikwenda, sikumwamini. Nilimkaripia mbele ya wanafunzi wangu, nikamwambia kazi yake ni ya ovyo." Akatazama viatu vyake. "Tulikuwa tumezoeana sana, mimi na yeye. Sasa hatusemezani."

Hapo ndipo Mbeyu angeweza kusema. Alikuwa na nafasi, mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu. Kinywa chake kikafunguka, na yaliyotoka ni haya:

"Labda faili lilikuwa zito mno. Siku nyingine punguza ukubwa wa picha, kisha uzitie ndani ya maandishi yenyewe, usiziweke kando."

Nelly akatoa daftari akaandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, kama alivyokuwa akiandika zamani darasani, na Mbeyu akamtazama akiyaandika maneno yale mpaka nukta.

"Na hoteli yenyewe?" Mbeyu akauliza.

"Imeuzwa. Mmiliki mpya anavunja ukumbi wa kulia mwezi huu huu. Mimi nilitaka ruzuku kwa sababu ingenipa barua ya kuingilia. Bila barua, walinzi hawaniruhusu tena. Zile picha nilizipiga siku moja tu, kwa simu."

Alipokwisha kuondoka, Mbeyu alifunga mlango kwa ufunguo. Ombi lile lilikuwa bado kwenye kompyuta yake. Akabonyeza kiambatisho. Kilifunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Hapakuwa na twiga. Palikuwa na ukuta mrefu, na juu yake wahudumu wa hoteli wamesimama safu moja, wakubwa kama watu halisi, wamevaa mashati meupe, kila mmoja na kibandiko cha jina kifuani. Wengine walishika sinia, wengine walikunja mikono. Wote walikuwa wakitazama chini, kuelekea mahali ambapo meza za wageni zilikuwa zimepangwa, na nyuso zao zilikuwa na subira ya mtu anayemngojea mwingine amalize kula. Katika picha nyingine mgema ameegemea baiskeli; katika nyingine kina mama wako kwenye bomba la maji, hakuna wawili waliofanana. Mchoraji alikuwa Dzombo fulani, fundi wa mabango ya maduka, aliyeifanya kazi ile mwaka 1979. Nelly alikuwa ameeleza yote hayo katika ukurasa wa tatu. Mbeyu alikuwa ameishia wa pili.

Alikaa pale mikono mapajani. Zaidi ya miaka kumi na sita aliwafundisha vijana kutazama kabla ya kusema.

Asubuhi iliyofuata alimpigia simu Bwana Mwaura, katibu wa wakfu, akamweleza yote, hata saluni hakuificha. Mwaura alikuwa mtu mpole.

"Daktari, usijitese. Mnajitolea, mna kazi zenu. Hutokea."

"Wenzangu walimpa alama ngapi?"

Mwaura akafunua karatasi zake. "Themanini na nne. Na themanini na moja."

"Basi ni mimi."

"Baraza limeshaamua, ruzuku zimekwenda kwa wengine. Andika barua ya masahihisho, nitaiweka mbele ya kikao kijacho. Na Daktari, hakuna atakayejua. Majina ya wahakiki ni siri."

Alisema hivyo kumfariji, na kwa kweli ilimfariji, kwa muda wa kama nusu saa. Aliandika barua ya masahihisho. Akaandika na nyingine, kwa jina la idara yake, kumwomba mkandarasi wa hoteli ruhusa ya kupima na kupiga picha. Jibu lilikuja siku ya pili: waje Jumamosi, mwisho saa sita mchana. Ilikuwa rahisi hivyo. Wakati wowote katika miezi ile mitatu angeweza kuiandika.

Jumamosi aliondoka Malindi alfajiri, kamera ya idara kwenye kiti cha nyuma, akampitia Nelly Kikambala. Nelly hakuacha kushukuru njia nzima. Kila shukrani Mbeyu aliiitikia kwa "usijali," na kila "usijali" ilimkaa kooni. Wakampitia na Mzee Dzombo, mchoraji mwenyewe, nyumbani kwake. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sabini na sita, kofia kichwani, mkono wa kulia ukitetemeka kidogo. Mbeyu akamwamkia, wakajuliana hali kwa Kigiriama, na mzee akauliza ukoo wake mpaka akaupata.

Ukumbini walikaribishwa na vumbi. Upande wa baharini ulikuwa umeshavunjwa wote. Kati ya michoro kumi na mmoja, sita ilikuwa imegeuka kifusi, na safu ya wahudumu ilikuwa imekatwa katikati: upande mmoja watu saba wamesimama na sinia zao, upande wa pili uwazi na vibarua wakipitisha matoroli. Mzee Dzombo akasimama. Akakiokota kipande cha plasta chenye rangi nyeupe, akakigeuza, akakirudisha chini taratibu.

"Mzee, huyu ndiye Daktari Mbeyu," Nelly akasema, kama mtu anayetaka kuleta neno jema mahali palipo na msiba. "Yeye ndiye aliyetupatia ruhusa. Yeye anajua kwamba kazi yako ina thamani."

"Nashukuru, mwanangu," mzee akamwambia Mbeyu. "Maana Nelly alinisomea ile barua. Walisema haina thamani yoyote. Nikajiambia, basi, ni watu wa Nairobi, hawajaiona."

Mbeyu alikuwa ameshika kamera. Akaiweka sakafuni.

"Si mtu wa Nairobi," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye mhakiki wa tatu."

Nelly akacheka kidogo, kwa kutoelewa.

"Picha zilifika, Nelly. Japheth alizituma, na zilifika. Mimi sikuzifungua. Nilisoma kurasa mbili, nikaandika kwamba hazipo. Na ulipokuja ofisini nilikuwa najua, nikakwambia upunguze ukubwa wa faili."

Nje nyundo ziligonga, zikanyamaza, zikagonga tena. Aliyetangulia kusema ni mzee.

"Ulikuwa na shughuli gani siku hiyo?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Harusi. Mpwa wangu alikuwa anaolewa."

"Ilifana?"

"Ilifana, mzee."

Mzee akatikisa kichwa, akautazama tena ukuta. Mbeyu angefurahi kama angetukanwa.

"Nilimwita mwongo," Nelly akasema hatimaye. Machozi yalikuwa yakimlengalenga lakini hayakushuka. "Japheth. Watoto wa darasa langu wanasikia."

"Najua. Nisamehe."

Nelly alitoka nje na simu yake. Kupitia mahali palipokuwa na ukuta Mbeyu alimwona akitembea huku na huku kwenye mchanga, simu sikioni, mkono mwingine umeshika kiuno, akisema, akinyamaza, akisema tena. Aliporudi hakumtazama Mbeyu usoni. Alitoa mkobani tepu ya kupimia, akashika mwanzo wake.

"Shika huko mwisho," akasema. "Tuna saa mbili na nusu."

Walipima, walipiga picha, waliandika. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiwaelekeza rangi ipi ilikuwa ya duka na ipi aliichanganya mwenyewe kwa chokaa. Saa sita kamili fundi mkuu aliingia, akaomba radhi, akawaita watu wake.

Kikao kilichofuata cha wakfu kilisoma barua ya masahihisho, na Nelly akapewa ruzuku yake. Aliombwa achague msimamizi wa utafiti. Akachagua mwalimu wa Mombasa asiyemfahamu. Japheth alimsamehe Nelly, akawa anamsaidia kupanga picha bila kinyongo, lakini lile jingine lililokuwa likichipuka kati yao halikurudi. Mbeyu alijiuzulu uhakiki. Mwaura alimsihi, akamwambia kwamba mtu aliyekosea mara moja ndiye huwa makini zaidi. Mbeyu akajibu kwamba huenda ni kweli, ila apewe mwingine.

Aliomba jambo moja tu, nalo Nelly alilikubali baada ya kufikiri wiki nzima: aje kila Jumamosi kuandika majina ya wahudumu wa ukutani. Mzee Dzombo aliwakumbuka karibu wahudumu wote, nani alitoka wapi, nani aliimba jikoni, nani alifukuzwa kazi kwa kumjibu mgeni. Mbeyu aliandika, Nelly akionyesha picha kwenye kompyuta. Nelly alimwamkia kwa adabu na kumuaga kwa adabu. Chai hawakunywa pamoja.

Jumamosi ya tano walifika kwa mhudumu wa kumi na mbili, aliyekuwa upande uliovunjwa. Mzee alifumba macho kwa muda mrefu.

"Alikuwa mcheshi," akasema. "Mtu wa Ganze. Jina limenitoka. Lakini lipo pale kifuani, nililiandika kwa mkono wangu."

Nelly akaikuza picha, akaikuza tena. Kibandiko kikawa kikubwa, kikawa doa jeupe lenye ukungu wa kijivu. Simu yake siku ile, juu ya meza, haikuweza zaidi ya hapo.

Mbeyu akaandika: Mhudumu wa kumi na mbili, mtu wa Ganze. Jina halijulikani. Chini yake akaandika tarehe ukuta ulipovunjwa, na chini ya hiyo, tarehe ya Ijumaa aliyotuma alama zake, na jina lake mwenyewe kwa ukamilifu. Akausogeza ukurasa kwa Nelly. Nelly akausoma, akafungua picha iliyofuata.