Nyumba ya Nati na Bolti

Mwanamume akistaafu apewe ng'ombe wa kuchunga, au apewe baraza la kukaa akipiga soga na wenzake, lakini asirudishwe nyumbani na sanduku la spana. Wako alirudishwa nyumbani na sanduku la spana. Ujana wake wote aliumaliza akiwa fundi wa malori ya serikali, akilala chini ya Bedford mara nyingi kuliko alivyolala kwa mkewe. Siku alipotua Bulapesa, ukingoni mwa mji wa Isiolo, alitazama kila kitu kilichokuwamo uani akaona kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Yeye tu ndiye alikuwa hajakigusa.

Alianza na baiskeli. Aliifunga starta ya lori na betri nzito, akatangaza kwamba Wazungu watakuja Isiolo kujifunza, kisha akaipanda mbele ya majirani na kubonyeza swichi. Baiskeli ikaenda. Wako akabaki. Ilipasua ua wa Nakuam, jirani yao, ikakanyaga kuku na kwenda kupumzika mtaroni, na Wako, angali amekaa mavumbini miguu imetanuka, akasema kosa ni la tairi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Qabale, mkewe, alicheka siku ile mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwa mwanamke wa kununa. Alimpenda mumewe, na alikuwa amezoea kusema kwamba mume mwenye mikono isiyotulia ni afadhali kuliko mwenye mdomo usiotulia. Hakujua bado kwamba Mungu alikuwa amempa vyote viwili.

Lakini nyumba ni jambo lingine. Kwa Waborana nyumba ni ya mwanamke, na haya si maneno ya kumbembeleza. Yeye ndiye hukata fito na kuzipinda, hufunga kamba, hutandika mikeka na ngozi, na watu wakihama yeye ndiye huibomoa asubuhi na kuipakia mgongoni mwa ngamia kabla jua halijawa kali. Ndiyo maana mke huitwa hadha mana, mama wa nyumba. Mume ana mifugo yake na maneno yake ya mkutanoni, na jioni huja kulala kwa mkewe. Qabale alikuwa amejenga na kubomoa kutoka Gotu mpaka Isiolo, na hakuna aliyewahi kumuuliza nyumba ile ni ya nani.

Mvua zikaozesha mikeka. Wako akaleta mabati.

"Nyumba ya fito ni aibu kwa mji," akasema. "Wewe kaa tu, mama Huka. Nitajenga mimi."

Huka alikuwa kifungua mimba wao, yuko Gotu na ng'ombe. Qabale akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukaa huku nyumba ikijengwa, na hakujua aweke wapi mikono. Wako naye hakutaka hata kuona msumari. "Msumari ni ya banda ya mbuzi," alisema. "Mimi ni makanika." Basi akasimamisha vyuma vya bodi za malori, akayatoboa mabati pembeni, akafunga kila kitu kwa nati na bolti. Alipomaliza aliipiga nyumba kofi kama anayemsifu fahali. "Unaona hii? Spana moja tu, namba kumi na tatu. Ukitaka, unafungua yote kama injini."

Mchana nyumba ile ingeweza kuoka mkate. Qabale alivumilia joto. Alivumilia na kelele za mvua. Kitu kilichomkaa rohoni ni jibu alilopewa alipotaka vyombo vya maziwa viwekwe nyuma, kwenye ubaridi. Wako alisema, bila hasira yoyote, "Hapana. Nyumba nimejenga mimi." Alipotaka kusogeza kitanda, jibu likawa hilo hilo. Alipotaka kumlaza shangazi mmoja mgonjwa, Wako alifikiria kwanza, kisha akakubali, na kule kukubali kwake ndiko kulikomuuma zaidi. Tangu lini yeye aombe ruhusa ya kumkaribisha mtu?

Kisha ikaja amri kwamba sasa hata wanawake wachukue vitambulisho. Watu wakahitaji picha za pasipoti, studio ya mjini ikajaa foleni, na Wako akapata wazo. Mungu atulinde na mawazo ya Wako. Alinunua kamera kuukuu ya kisanduku, akatundika shuka jeupe ukutani nje, akapiga watu picha. Kuzisafisha alizisafishia ndani, kwa sababu picha hutaka giza. Aliziba dirisha kwa blanketi, akaziba kila tundu kwa lami, akawasha taa nyekundu ya nyuma ya lori kwa betri ile ile ya baiskeli, na kupanga madawa yake katika mabeseni aliyofulia Qabale. Akiwa ndani, mlango haukufunguliwa kwa mtu yeyote.

Picha zenyewe zilikuwa za aina yake. Nakuam, yule jirani Mturkana wa kuku, alitoka hana paji la uso. Akaale wa Ngaremara alitoka vizuri, ila pembeni yake alisimama mbuzi ametulia kuliko yeye, na karani wa vitambulisho alimuuliza ni yupi kati yao anayeandikishwa. Hata hivyo wateja walikuja, maana kwa Wako hapakuwa na foleni ndefu. Na Qabale akawa mtu wa kukaa nje ya mabati, mgongo ukiungua, akingojea mumewe amalize giza lake ndipo aingie kuchukua chumvi.

Alikuwa ameketi hivyo hivyo siku aliyofika mzee Gababo, ndugu ya marehemu mama yake. Kwa Waborana mjomba wa namna hiyo huitwa abuya, na neno lake, jema au baya, hushika. Alikuwa ametoka Gotu makusudi kuibariki nyumba mpya ya binti ya dada yake. Akipewa maziwa na mikono ya mwenye nyumba, akaonja, atatamka baraka. Akiondoka bila kuonja, basi Gotu nzima itajua kwamba Qabale hana nyumba.

"Salaam aleikum, Qabale."

"Aleikum salaam, abuya. Nagaa?"

"Nagaa, nagaa. Watu yote iko na amani. Nimekuja kuona hii nyumba ya chuma."

Qabale alifurahi mpaka akasahau. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikimbilia mlangoni, akakuta umefungwa kwa ndani. "Baba Huka! Fungua. Abuya amefika."

"Usiguse mlango!" Sauti ya Wako ilitoka ndani ya mabati kama ya mtu aliyemezwa na debe. "Picha iko kwa maji! Mwangaza ikiingia, yote imekufa!"

"Maziwa iko ndani. Mzee amesimama kwa jua."

"Mwambie akae kwa kivuli."

"Kivuli gani? Mti ulikata ukatengeneza mlango."

"Angoje kidogo, mama Huka. Hii ni kazi." Halafu akamalizia kwa sauti ya kutosha majirani wote. "Na hii nyumba nimejenga mimi."

Mzee Gababo alilitazama lile bati lililosema. Akamtazama Qabale aliyesimama nje. Wateja wawili watatu waliokuwa wakingojea picha, Akaale aliyerudi kupigwa bila mbuzi akiwa mmoja wao, wakajifanya wanaangalia mawingu, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja.

"Qabale," mzee akasema taratibu, "mimi nimeona njaa. Nimeona vita ya shifta. Nimeona serikali ya Mzungu na ya Mwafrika. Lakini mwanaume amejifungia ndani na mwanamke ako nje, hiyo sijaona." Akaishika vizuri fimbo yake. "Nitapumzika kwa yule Msomali wa chai. Nikipata gari, narudi Gotu."

Akaenda. Qabale aliona aibu iliyomwasha masikio. Si aibu ya kufokewa, hiyo huisha. Ilikuwa aibu ya mwanamke mtu mzima aliyegundua kwamba anaishi kwa watu. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Basi akaitazama nyumba. Tangu ijengwe hakuwahi kuitazama hivyo, kwa jicho la mtu aliyebomoa nyumba nyingi: bati gani limelalia lingine, paa linaanzia wapi, nini kitoke kwanza ili kisichotakiwa kuanguka kisianguke. Sanduku la spana lilikuwa chini ya dirisha. Akaitafuta namba kumi na tatu, akasogeza pipa la maji na kupanda juu yake.

Nakuam alichungulia kwenye ua, ana debe la maji kichwani. "Mama Huka! Unafanya nini huko juu?"

"Nahama."

Nakuam hakuuliza unahamia wapi. Kwa Waturkana pia nyumba hujengwa na mwanamke. Alilitua debe, akafunga kanga kiunoni, akaja. "Picha yangu iko huko ndani," akasema. "Wacha iungue tu. Ile ya kwanza alinikata kichwa." Habari ilifika kwa Nurto, yule mwanamke Msomali wa chai, ambaye mama yake na bibi yake walizunguka jangwani na nyumba zao juu ya ngamia. Nurto alimwambia mzee Gababo kwamba gari la Gotu limeharibikia Ngaremara, uongo mweupe kabisa, akamwachia kigoda kivulini na kuja mbio. Waborana, Waturkana na Wasomali wa Isiolo hawajawahi kukubaliana juu ya kisima, malisho wala njia ya kwenda mbinguni. Juu ya nani mwenye nyumba, wanawake wao hawakuhitaji mkutano.

Bati la kwanza lilitoka kimya. Jua la adhuhuri likashuka ndani kama lililoalikwa.

"Nani huyo?" Wako akapiga yowe. "Mwangaza! Funga! Picha yangu!"

La pili likatoka, na la tatu. Ndani ya beseni nyuso zote zikawa nyeusi, wenye paji na wasio na paji. Wako alifungua mlango atoke kupigana, akakuta ukuta wa upande wa mlango umekwisha kuondoka, kwa hiyo alitoka mlangoni huku kila mtu akimwona tangu alipokuwa ndani. Alilikamata bati moja kwa mikono miwili. Nakuam akamshukuru kwa kumshikia, akalipokea na kwenda nalo.

"Mama Huka! Umepatwa na shetani? Hii nyumba nimejenga mimi!"

"Na umejenga vizuri," Qabale akajibu toka juu ya pipa, bolti mbili mdomoni. Akazitema kiganjani. "Inafunguka vile ulisema. Lakini uliza mtu yoyote kutoka hapa mpaka Gotu, baba Huka. Nyumba ni ya nani? Ni ya yule anaweza kuivunja na kujenga tena, watoto walale ndani siku hiyo hiyo. Wewe umejenga mara moja tu."

Wateja walicheka, Akaale kwanza kabisa, na kwa kuwa amecheka akaona vibaya kukaa bure, akabeba nguzo. Miaka yote chini ya malori hakuna aliyemfundisha Wako namna ya kukabili wanawake watatu na spana moja. Akakaa kwenye stuli yake, beseni miguuni, taa nyekundu ikiwaka juani, pale palipokuwa na nyumba.

Waliihamishia ng'ambo ya zizi la mbuzi, penye mgunga mdogo wa kivuli. Walijenga walivyozoea, wakibishana kwa lugha tatu, na walipomaliza ilikuwa nyumba fupi zaidi, yenye upepo, vyombo vya maziwa vikiwa nyuma kwenye ubaridi. Mlango waliufanya mfupi, kama milango ya mama zao. Alasiri Nurto alikwenda kumwambia mzee kwamba gari limepona lakini kuna mtu anamwita. Mzee Gababo aliinama, akaingia, akaketi. Qabale akamimina maziwa kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akaonja, akafumba macho, akaomba nyumba hiyo iwe na maziwa, iwe na wageni, iwe na amani, na kila alipotulia Qabale na wenzake wakaitikia.

Jua lilipokuwa linazama walisikia hatua nje. Wako alikuwa akiizunguka nyumba polepole, akijaribu kila nati kwa vidole. Hakuna iliyolegea. Moja, aliyoiacha legelege yeye mwenyewe, ilikuwa imekazwa. Alimaliza mzunguko wake, akasimama mbele ya mlango. Qabale alimwonea huruma, lakini hakuinuka.

"Mama Huka," Wako akasema mwishowe. "Naweza kuingia?"

"Ingia. Lakini inama."

Wako akainama, mtu mrefu vile, akaingia ameshika magoti. Mzee Gababo alimjua fika. Alikuwa amekula fahali wa arusi yake. Hata hivyo alikunja uso, akamkazia macho kama asiyemfahamu, akamgeukia binti ya dada yake.

"Qabale, huyu ni nani?"

"Ni baba Huka, abuya," Qabale akasema, akimtafutia kikombe. "Anakaa kwangu."

Wako alimtazama mkewe, kisha akaketi pale alipoonyeshwa, akakipokea kikombe kwa mikono miwili na kunywa.