Zamu Niliyompa Guylain

Mdogo wangu Guylain anaweza kukuambia, bila kufungua kitabu, ni nchi gani duniani inajenga na ni nchi gani inakula tu. Ndiyo kazi yake. Anafundisha uchumi katika chuo kimoja hapa Goma, na Jumapili baada ya misa anaongea redioni, akizipanga nchi kama watu wa kupigwa picha: warefu nyuma, wafupi mbele, na sisi Wakongomani tumekaa chini kwenye vumbi. Sauti yake ni nzuri. Hilo simnyimi, maana sauti hiyo niliilipia mimi kwa kuuza maharagwe ya Rutshuru sokoni, toka darasa la kwanza mpaka siku aliyovaa joho.

Somo lenyewe alilifundisha uani kwangu, mtaa wa Majengo, kabla ya kulipeleka redioni. Alichukua kopo langu la kupimia, akamwaga maharagwe kwenye ungo, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya Malou, angaria. Hii ni yote inchi imevuna mu mwaka. Swali ni moya tu: ngapi inakula, na ngapi inarudisha mu udongo? Barabara, mashine, nyumba, moto ya umeme. Ile njo kapitali, mutaji ya inchi."

Kwa China alisukuma upande mmoja karibu nusu ya ungo. Kwa majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka alitoa konzi nzuri. Kwetu sisi akajikuna kichwa kwanza. Alisema kule Katanga kuna mashine kubwa za migodi, na mashine hizo zikiingia kwenye hesabu, mtu wa mbali anadhani nchi nzima inajenga. "Toa Katanga," akasema, "sasa angaria Goma." Akaniwekea punje chache kiganjani. Nilicheka, kumbe nachekea msiba wangu mwenyewe.

Kisha akauliza kwa nini Goma watu wanajenga kwa mbao. Nilimjibu kama ambavyo kila mtu angemjibu: volkano inaunguza, vita vinafukuza, na nyumba ya mbao unaing'oa misumari, unaipakia kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mti, unaondoka nayo.

"Njo pale tunapotea," akasema. "Mutu akijenga nyumba ya kukimbia nayo, na inchi yake inakuwa ya kukimbia. Mujenge na mawe, yaya. Mawe haikimbiaka."

Maneno hayo yaliniingia. Niliyapeleka kwa wanawake wenzangu wa soko, na kutoka hapo ikazaliwa likelemba yetu ya mawe. Likelemba nyingine watu wanazungushiana pesa. Sisi tulizungushiana mikono. Kila Jumamosi tunakwenda wote kwenye kiwanja cha mwenye zamu, tunapasua mawe ya volkano, tunayabeba, tunasimamisha ukuta. Akimaliziwa huyo, tunahamia kwa mwingine. Mawe ya kwetu ni meusi na yana matundu yenye meno, yanachana viganja kama wembe. Lakini Mama Nsimire, mwanamke wa Bukavu tuliyemchagua kuongoza, alikuwa akituimbisha, na kuta zilikuwa zinapanda. Nilijivunia kundi lile kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Zamu yangu ilikuwa inakaribia vita viliporudi Rutshuru. Mama yetu, Mama Kanyere, alishuka Goma kwa miguu pamoja na wanawake wa kanisa lake, na mkeka na sufuria kichwani. Nyumba yangu ya mbao ilikuwa imeshajaa shemeji zangu na watoto wao, watu wanalala kichwa kwa miguu. Mama aliangalia mara moja, akasema hataki kumbana mtu, akaenda kukaa na wenzake kambini, kule Munigi, chini ya turubai. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanapita chini ya mkeka wake. Nilikuwa na kiwanja kidogo hukohuko Munigi. Nikamwambia, "Mama, vumilia, zamu yangu ikifika chumba cha kwanza ni chako."

Siku chache baadaye Guylain akaja, amevaa lile shati lake la redioni.

"Yaya, unipatie zamu yako. Miye niko na kiwanja Himbi, kikubwa. Kwako Munigi utajenga chumba moya ya kuficha kichwa. Kwangu tunajenga nyumba ya nguvu, na ile chumba inaangaria barabara, ya kwanza kabisa, ni ya Mama. Si ni mama yetu wote?"

Mama Nsimire alinivuta pembeni. "Malou, unajua sheria yetu. Zamu ikitolewa, imekwenda. Unarudi nyuma ya wote."

"Ni mudogo wangu wa tumbo moya," nikamwambia.

"Njo maana nakuambia," akasema.

Sikumsikia. Nilitoa zamu yangu mbele ya kikundi kizima, na nikaona raha kuitoa.

Wanawake walikubali kwa ajili ya Mama. Jumamosi baada ya Jumamosi walitembea kutoka Majengo mpaka Himbi na nyundo begani, na Mama mwenyewe alitoka kambini alfajiri akaja kukaa na kupasua kokoto. Tulimkataza. Alisema haiwezekani watu wajenge chumba chake yeye akitazama kama bibi arusi. Siku tuliposimamisha kona ya chumba hicho, alijivua medali yake ya Bikira Maria, aliyoivaa tangu kipaimara, akaibonyeza kwa kidole ndani ya simenti, baina ya mawe mawili. Ndivyo walivyofanya wazazi wake kwenye kila nyumba. Guylain alimshika bega na kumwambia, "Mama, hapa utazeekea." Nilimwona kwa macho yangu akisema hivyo.

Nyumba ikapata mabati. Kikundi kikahamia kwa mwingine. Mama akaanza kungoja.

"Bado milango, Mama," Guylain alimwambia. Halafu ikawa bado rangi. Halafu simenti haijakauka vizuri, itamletea kifua. Mvua ya Munigi ilikuwa inamletea kifua kila siku, lakini Mama aliwajibu wenzake kambini kwamba mtoto wake ni mwangalifu, amesoma.

Mwisho alikohoa usiku kucha, na asubuhi akafunga mkeka wake. "Malou, unisindikize. Hata kama rangi haiko, nitaingia tu vile."

Tulipofika Himbi tulikuta geti jipya jeupe na kibao cha shirika la wageni. Mlinzi alifungua geti, akatoka. Aliitwa Viateur, jina lilikuwa kifuani.

"Shikamoo mama. Hapa ni ku biro, ofisi ya shirika. Muko na rendez-vous, mulipanga kuonana na mutu?"

"Niko na chumba," Mama akasema.

Viateur alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Chumba gani, mama?"

Mama alinyoosha kidole. Dirisha la chumba kile linalotazama barabara lilikuwa limeondolewa vioo ili moshi utoke. Ndani ilikuwa inanguruma jenereta. Ukuta wenyewe ulikuwa unatetemeka, ukuta wenye medali.

Nilimpigia Guylain simu mpaka akapokea. Alikuja na gari, akalisimamisha mbali kidogo na geti ili wapangaji wake wasituone vizuri.

"Yaya, usipige makelele mbele ya batu."

"Mama atalala wapi?"

"Munisikilize kwanza. Vita ikifika Goma, hii nyumba itatusaidia nini kama tuko tunalala ndani? Hawa wanalipa. Na ile wanalipa, niko najenga nayo Gisenyi."

"Ng'ambo?"

"Kule kapitali inakaa salama."

Nilipaza sauti. "Na ku radio unasemaka tujenge hapa!"

"Ku radio naongea juu ya inchi," akasema. "Hapa naongea juu yangu."

Hakuona aibu. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba hakuona aibu hata kidogo. Alinieleza polepole, kwa sauti ileile ya ungo na maharagwe. "Inchi zenye zimeendelea," alisema, "mutu haweke mama yake mu nyumba ya kwanza. Ya kwanza inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu."

"Mama atalala mu ya ngapi?" nikamuuliza.

Alichezesha funguo za gari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimemvalisha mimi.

Mama akasogea. "Guylain, mutoto yangu. Sitaki chumba. Unitolee medali yangu."

"Iko ndani ya ukuta, Mama. Tukivunja pale, jenereta itasimama, batu watakasirika." Akamshika mkono. "Nitakununulia ingine. Ya Roma. Ya muzuri kushinda ile."

Mama aliutoa mkono wake taratibu, akauweka mkeka kichwani. Alimuaga Viateur, akamshukuru kwa kutufungulia. Mwanawe hakumuaga. Njiani hadi Munigi hakulia, na mimi nililia kwa niaba ya wote wawili, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Habari haikuchelewa kufika kikundini. Wengine walimtukana Guylain, wengine walinitukana mimi, na waliokuwa wakinitukana mimi walikuwa na haki. "Njo wewe ulimuleta na ungo yake," waliniambia. Mikono ile ilichanika kwa ajili ya jenereta. Wanawake kadhaa walirudi kwenye nyumba zao za mbao na kusema hawatambebea mtu jiwe tena, hata padri. Guylain alijengewa nyumba moja, akatubomolea zote zilizokuwa zinakuja.

Redioni aliendelea. Jumapili moja nilimsikia akisema watu binafsi wa Goma wameanza kuamka, kwamba ukipita Himbi unaona mawe yanapanda, na kwamba tukijilinganisha na majirani tumesogea kidogo. Nikajua nyumba ile imeshaingia kwenye hesabu. Katika ungo wa nchi tumeongeza punje moja, na hesabu haiulizi nani analala ndani. Nilitaka kuizima redio. Mama, aliyekuwa amekuja kwangu kuanika nguo zake, akanizuia.

"Acha nisikie," akasema. "Ameongea vizuri." Na sikuweza kujua usoni mwake kama ni sifa au ni kidonda.

Zamu yangu ilifika mwisho kabisa, kama Mama Nsimire alivyosema. Wakati huo milio ya mabomu ilikuwa inasikika kutoka upande wa Sake, na mtu mwenye akili angenunua mbao. Mimi nilichimba msingi. Waliokuja Munigi asubuhi ile walikuwa Mama Nsimire na wanawake wachache waliobaki, bila nyimbo. Nilikuwa nimenunua medali mpya, nimeipeleka kwa padri ikabarikiwa, nimeifunga kwenye leso. Nilitaka siku hiyo irekebishe kila kitu.

Mama alifika kutoka kambini na mkeka na sufuria. Nikafungua leso. "Mama, weka mu kona. Hii ni nyumba yako."

Aliichukua medali, akaibusu, akaivaa shingoni. Kisha akavuka mstari wa msingi, akatandaza mkeka katikati, pale ambapo sakafu ingekuja kuwa, akaketi na kunyoosha miguu. Sufuria akaiweka ubavuni.

"Mujenge," akasema.

"Mama, toka kwanza. Utajaa vumbi. Jiwe linaweza kukuangukia."

"Mujenge. Mara hii naingia mbele, ukuta utanikuta ndani."

Mama Nsimire aligeuza uso. Nilichuchumaa karibu na mkeka ili nimwone machoni. "Mama, ni miye. Ni Malou. Miye nitakufanyia vile?"

Alinipapasa shavu kwa kiganja chake chenye makovu ya kokoto, kwa upendo kabisa, kama ananifuta tope.

"Najua ni wewe," akasema. "Na yule alikuwa Guylain."

Nilisimama. Mama Nsimire alinipa jiwe la kwanza, nikalipaka simenti, nikaliweka. Tukaendelea hivyo mpaka jioni, tukijenga kumzunguka.