Ukuta Mweupe wa Zahanati

Ukuta ule msanifu aliuona usingizini kabla hajauchora: mrefu, mweupe, ukipinda taratibu hadi mwisho wa ukumbi, bila dirisha, bila hata msumari, mwanga ukiteleza juu yake kutwa nzima. Sasa ulikuwa umesimama mbele yake, umepakwa chokaa jana, na kila alipoutazama alisahau alichokuja kufanya. Lilikuwa jengo lake la kwanza. Tusimlaumu, nani asingelewa kwa furaha?

"Injinia," fundi mkuu alisema. Alishaambiwa mara mia kuwa huyu si injinia bali msanifu, maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. "Fundi wa kuchomelea anaondoka leo. Lile bomba la kushikilia tunaliweka ukutani au hatuliweki?"

"Litaukata ukuta vipande viwili."

"Na wagonjwa watashika wapi?"

"Sakafu ni tambarare kabisa, fundi. Kushika ya nini?"

Fundi akakuna kichwa, akarudi kazini.

Siku hiyo shangazi mtu, aliyemlea msanifu tangu ananyonya, alikuwa amekuja kuona. Alisimama mlangoni na gauni lake la kutokea, akashusha pumzi.

"Mwanangu, hapa mtu anapona kabla ya sindano."

Msanifu akavimba kichwa. Akamwacha atembee peke yake, yeye akabaki nyuma akiuangalia mwanga, ambao saa hiyo ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa. Ukumbi ulikuwa kama unaelea. Hakusikia kitu ila viatu vya shangazi, taratibu, kisha kimya, kisha taratibu tena.

Aliposhtuka, shangazi alikuwa amefika mwisho, mkono wa kulia ameuficha nyuma kama mtoto aliyedokoa sukari.

"Nisamehe, nimekuchafulia."

Kutoka mlangoni hadi pale, chokaa ilikuwa imefutika kwa mstari mmoja wa kiganja, ukipanda na kushuka. Mahali pawili vidole vyote vitano vilionekana: hapo alikuwa ameegemea. Msanifu aliona uchungu na aibu. Hakujua kuwa magoti ya shangazi yamechoka kufikia huko. Hakuambiwa, na hakuwahi kuuliza.

Fundi alikuwa ameshamwita mtu wa chokaa aje kupaka upya.

"Asiguse," msanifu alisema. "Niitie wa kuchomelea."

Fundi akachomoa futi yake. "Tupime kimo gani kutoka chini?"

"Usipime. Fuata mkono wa shangazi."