Mrija wa Posa

Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni baada ya kidato cha sita, mwenye elimu ya kutosha kumpakia baba mdogo Frednand pilipili ndani ya mrija wake wa pombe. Tulinunua nyama Nyamiaga, kisha tukaenda kijiji cha Ntobeye kumposea kaka yangu Venance, mimi nimebeba kibuyu cha pombe ya ndizi.

Mbele ya wakwe, baba mdogo akanikabidhi mrija ule ule. "Aliyebeba kibuyu ndiye anayeonja. Ukikunja uso tu, wataikataa pombe, na binti hatumpati."

Venance, aliyeniona nikiupaka pilipili, akafumba macho.

Nikapiga magoti, nikavuta. Machozi yakanitoka, lakini uso ukabaki wa kiaskofu.

"Mbona analia?" akauliza mama mkwe.

"Ni furaha, mama."

"Jamani! Huyu kalelewa. Pakueni chakula."

Baba mkwe akanyoosha mkono apokee mrija. Nikavuta tena, kwa unyenyekevu, mpaka pilipili ikaisha.