Kiti cha Nyuma cha Mwenyekiti

Ziggy Pawlak alikuwa na gari moja, mke mmoja, na maoni mengi kuhusu magari ya watu wengine. Gari lilikuwa Kestrel R ya mwaka 1970, nyeusi, silinda nane, lenye mngurumo wa kutikisa madirisha ya majirani wote wa upande wa mashariki wa mji wa Saginaw. Mke alikuwa Bernadine, ambaye alikuwa ameshazoea kelele za vyote viwili, gari na mwenye gari. Maoni aliyatoa bure hata kama hukuomba, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Klabu ya Magari Orijino, maoni yake yaligeuka sheria.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya karatasi. Mtu yeyote mwenye winchi na tamaa anaweza kuchukua Kestrel ya kawaida, akaichomekea injini kubwa, akabandika herufi R ubavuni, kisha akatembea kifua mbele. Namba iliyogongwa kwenye bati inasema gari ni lipi, haisemi lilizaliwa na injini gani. Inayosema ni karatasi ya kiwandani, ile iliyosafiri na gari humo kiwandani hatua kwa hatua ili kila fundi ajue afunge nini. Kazi ikiisha, nani alikuwa na haja ya kutembea hadi pipa la taka? Fundi aliisokomeza popote: juu ya tangi la mafuta, nyuma ya dashibodi, na mara nyingi kwenye springi za kiti cha nyuma. Takataka hiyo ikalala humo mpaka watu wazima na akili zao walipoanza kuitafuta kama hirizi.

Ziggy aliamua kwamba asiye na karatasi hana gari. Na wa kwanza kuonja sheria hiyo alikuwa Odell Gaines, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyekuwa na Kestrel R nyekundu iliyong'aa kupita kiasi. Wakati huo magari yao mawili yalikuwa kivutio cha klabu, maana namba zao zilifuatana. Yalizaliwa siku moja, moja likimsukuma mwenzake.

"Bwana Gaines, karatasi unayo au huna?" Ziggy alimuuliza mbele ya wanachama wote, soseji mkononi.

"Kuna karatasi nimeipata," Odell alijibu, "lakini..."

"Aa, aa! Hapa hatuna lakini. Ni ya gari lako au si ya gari lako?"

Odell alimtazama, akamtazama tena, kisha tabasamu dogo likamtoka pembeni mwa mdomo. "Si ya gari langu," alisema.

"Basi gari lako ni feki, na wewe kwaheri," Ziggy alisema, na watu wakacheka. Odell alitoka peke yake na bakuli lake la saladi ya viazi ambalo hakuna aliyeligusa.

Tangu hapo, kila majira ya joto magari ya klabu yalipoandamana mjini, Odell alikuja na kiti chake cha kukunja, akaketi kando ya barabara na kupiga makofi. Gari la Ziggy likipita, alisimama kabisa na kushangilia mpaka kofia ikamwanguka. Ziggy alimpungia mkono kwa huruma. "Umeona?" alimwambia Bernadine. "Mtu akishakubali kosa lake anakuwa na heshima."

Sasa utauliza, karatasi ya Ziggy mwenyewe ilikuwa wapi? Hata wanachama waliuliza, polepole mwanzoni. Gari alilinunua mkononi mwa mtu, na mtu huyo alimwapia kwamba ni R ya kweli, naye Ziggy akaamini kwa moyo wote. Jibu lake lilikuwa lile lile: kiti cha nyuma hakijawahi kutolewa tangu kiwandani, na yeye hatakuwa wa kwanza kukinajisi. Jibu hilo lilimtosha miaka kadhaa. Lakini masika hii Floyd Maki, mweka hazina mwenye sauti nyembamba, alisimama mkutanoni na kusema kwamba sheria ni sheria, na kwamba siku ya maonyesho mwenyekiti naye aweke karatasi yake kwenye kioo cha mbele. Mikono yote ikanyooka, tena haraka mno.

"Walikuwa wanakusubiri," Bernadine alimwambia walipofika nyumbani.

"Wasubiri tu. Watapofuka kwa kung'aa kwa hiyo karatasi."

"Mbona hujavua koti, mume wangu?"

"Baridi."

Jumamosi mchana waliingia gereji, Bernadine ameshika tochi. Ziggy alikisukuma kiti kwa magoti, kikaachia, akakipindua juu ya blanketi. Chini yake kulikuwa na kitana, maganda ya jozi, na kiota cha panya kilichosukwa vizuri sana. Na kati ya springi, imekunjwa mara mbili, ilikuwepo karatasi. Panya walikuwa wametafuna kona moja tu.

Ziggy alipiga kelele ya furaha, akambusu mke wake, akaibusu springi. Aliikunjua kwa ncha za vidole. Injini: ile kubwa. Herufi R: ipo. Gia: za mkono, nne. Machozi yalimtoka. "Nyekundu," alisoma. "Rangi nyekundu."

"Gari letu ni jeusi," Bernadine alisema.

"Labda lilipakwa baadaye."

"Soma namba."

Aliisoma. Akaenda kuangalia bati kwenye dashibodi. Akarudi, akaisoma tena. Ilikuwa namba ya gari lililofuata nyuma ya lake. Alikuwa ameitaja kwa majigambo mara nyingi mno hata asingeweza kujifanya haijui. Siku ile kiwandani fundi mmoja, pengine akiwaza chakula cha mchana, alisokomeza karatasi ya gari la pili kwenye kiti cha gari la kwanza, na gari la Odell Gaines lilikuwa halisi tangu boneti hadi buti.

"Mungu wangu," Bernadine alisema, kisha akaanza kucheka mpaka mwanga wa tochi ukawa unaruka darini.

"Hakuna cha kuchekesha! Karatasi hizi huharibika sana. Panya wakirudi leo wakaimaliza, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na panya wa nyumba hii hawana kiberiti, Ziggy. Kirudishe mfukoni hicho ulichokitoa."

Alikirudisha. Lakini siku nzima ile na iliyofuata Ziggy hakuwa mtu. Alikosa raha, alikosa hamu ya chakula, pierogi zake, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, zilipoa mbele yake. Kupoteza uenyekiti kulimwogopesha, kwa sababu nje ya klabu alikuwa mstaafu tu mwenye magoti mabovu. Lakini kilichomla zaidi ni lile bakuli la saladi ya viazi. Alikuwa amemfukuza mtu mwenye haki, tena kwa kumcheka. Aliona haya, na haya ni kitu alichokuwa hajakionja muda mrefu, kwa hiyo kilimchoma vibaya.

Jumatatu aliendesha hadi kwa Odell, kwa gari la mkewe, ili asitambuliwe kwa mlio. Odell alikuwa kibarazani akikaanga kambare kwenye sufuria kubwa ya mafuta.

"Haa! Mwenyekiti mwenyewe! Umepotea njia au umefukuzwa nyumbani?"

"Nimekuletea kitu," Ziggy alisema, akampa karatasi bila kumtazama usoni. "Ilikuwa kwenye kiti changu. Ni ya gari lako. Ni orijino, Odell. Lilikuwa orijino siku zote."

Odell alifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akasoma pole pole mpaka chini. Kisha akakaa. Ziggy alijiandaa kwa matusi, na alikuwa amekubali moyoni kuyapokea yote. Badala yake mabega ya Odell yakaanza kutikisika.

"Unalia?"

"Nalia nini wewe! Ngoja. Kaa hapo hapo. Samaki wakiungua ni juu yako."

Aliingia ndani akarudi na bahasha ya plastiki. "Ulinikatiza siku ile, bwana mkubwa. Nilikuwa nakwambia nimepata karatasi kwenye kiti changu, lakini ni ya gari lako. Ukasema hapa hatuna lakini. Nikasema moyoni, aah, huyu mzee kama hataki lakini, asipewe lakini."

Ziggy aliipokea. Namba ilikuwa yake, hakuna ubishi. Injini: silinda sita, ile ndogo. Herufi R: hakuna. Redio: hakuna. Rangi: ya uji wa shayiri. Na chini kabisa, penye jina la mteja, palikuwa pameandikwa idara ya kukamata mbwa wazururaji ya kaunti ya jirani.

"Mbwa," Ziggy alisema.

"Mbwa," Odell alikubali. "Kila mwaka nakuja kwenye maandamano. Unapita pale, kidevu juu, injini inanguruma, na mimi namwona mkamata mbwa na wavu wake. Hujui furaha uliyonipa, Ziggy. Mke wangu alipofariki nilikuwa sicheki, lakini ukipita wewe nilicheka."

"Mimi nilidhani unaniheshimu!"

"Nilijua unadhani hivyo. Hapo ndipo utamu ulipokuwa." Odell alimwekea samaki kwenye sahani. "Haya, kula. Kila mtu na karatasi yake. Mimi simwambii mtu. Ukitaka itie moto, ni mali yako."

Ziggy aliondoka na karatasi mfukoni na ruhusa ya kuichoma, na hiyo ruhusa ilimsumbua kuliko kitu chochote. Angekuwa ametishwa angejua la kufanya. Mara kadhaa wiki ile alisimama mbele ya jiko na kiberiti, na kila mara Bernadine alipita nyuma yake akibweka kidogo, kwa upole, kama mbwa wa jirani.

Siku ya maonyesho uwanja wa bustani ulizungushiwa kamba, magari yakapangwa, karatasi zikang'aa chini ya vioo. Ziggy alifika wa mwisho. Alibandika karatasi yake kwenye kioo cha mbele, akasogea pembeni, akasubiri. Floyd Maki aliinama kusoma. Alisoma muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo, "hii inasema mbwa."

"Inasema ukweli," Ziggy alijibu. "Gari langu ni la kuchomekewa injini. Kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, mimi si mwanachama. Na Odell Gaines, niliyemfukuza, gari lake ni R halisi, karatasi yake nimeiona kwa macho yangu." Aliwasha injini, akatoka nje ya kamba, akavuka barabara na kuegesha chini ya mti, karibu na Kestrel nyekundu ya Odell, aliyekuwa ameketi kando yake akimenya karanga.

Ziggy alijisikia mwepesi na mjinga kwa wakati mmoja. Kisha Floyd akaja, akiangalia huku na huku.

"Ziggy, kuna nafasi hapa?"

"Nafasi ya nini? Wewe karatasi yako ni safi kabisa."

"Safi mno," Floyd alisema, uso umemwiva. "Niliichapisha nyumbani. Nikailoweka kwenye chai ionekane kuukuu."

Nyuma yake alisimama mwingine, ambaye yeye alitumia kahawa. Na mwingine, aliyeinunua kwenye mtandao pamoja na vumbi lake kwenye mfuko. Muda si mrefu injini zilianza kuwaka moja baada ya nyingine, magari yakavuka barabara kwa aibu, madereva wakikwepa kutazamana, mpaka upande wa pili ukasongamana na uwanja ukabaki majani matupu, kamba, na meza ya vikombe vya ushindi. Bernadine alicheka mpaka akaomba maji.

Odell alikung'uta maganda ya karanga kwenye suruali, akasimama.

"Sasa mimi nitakaaje na ninyi?" aliwauliza. "Watu watanifikiriaje?"

Aliingia kwenye gari lake jekundu, akavuka barabara pole pole, akasimama pua ya gari ikigusa kamba. Ziggy alikimbia na magoti yake mabovu kumnyanyulia kamba ipite juu. Odell akatikisa kichwa, akateremsha kioo.

"Bado. Ulinifukuza kwa sauti, mbele ya watu. Nirudishe kwa sauti, mbele ya watu."

Ziggy aligeuka. Watu wote walikuwa wamekaribia, na kila mmoja alikuwa akimtazama yeye. "Nilimkosea Odell Gaines," alisema. "Nilimwaibisha bure, na nilikuwa sijui kitu. Naomba anisamehe."

"Wa nyuma hawakusikia!" Odell alisema.

Alirudia, kwa nguvu zaidi, na safari hii machozi yalimtoka na hakuyaficha. Odell alimsikiliza kwa makini, uso umetulia, mkono kwenye usukani. Kisha akakanyaga mafuta, silinda zote nane zikanguruma mpaka majani yakalala, akatoa kichwa dirishani.

"Unasema?"

Na Ziggy akavuta pumzi, akaanza upya.