Gundi ya Mashudu

Tangu kisiwa cha Anzuani kijitenge na visiwa vingine, na meli za kutoka bandari ya Mutsamudu zikatike, gundi ya kopo ilikuwa haipatikani Moroni. Lakini Rachadi seremala aliumwa na jambo jingine kabisa: Faouzi.

Walitumia banda moja, mtaa wa Magoudjou. Faouzi, seremala mwenzake aliyerudishwa kwao kutoka Majunga ng'ambo mwaka sabini na saba, alinunua mashudu ya karanga sokoni Volo Volo, akayatwanga, akayachekecha mpaka unga laini, akaukoroga kwa maji na chokaa. Uji huo ulishika mbao zikawa kitu kimoja. Wateja wakamhamia. Hata Touhfat, mkewe Rachadi, akawa haishi kumsifu: "Faouzi huyu ana akili!" Rachadi akisikia hivyo anasukuma sahani kando. Wivu ulimla, basi tu.

Na alikuwa amebanwa. Tayeb, kaka yake Touhfat, aliyeponyoka Mutsamudu na begi moja, alikuwa aingie nyumbani kwa bibi harusi Jumapili, na kwa desturi bwana harusi haingii bila kitanda. Rachadi ndiye aliyeahidi kukitengeneza. Mbao zilikwisha kurandwa, zimelala tu bandani. Lakini kumwomba Faouzi gundi? Afadhali afe!

Ijumaa Faouzi alikoroga sufuria nzima, kisha akaenda kuoga kwa ajili ya sala. Rachadi akabaki peke yake na sufuria ile. Akamimina kata ya maji, na nyingine, akakoroga. Halafu akaenda msikitini, akasali bega kwa bega na mwenzake, uso mkavu.

Baada ya sala alijichelewesha barazani. Aliporudi alimkuta Faouzi anakaza kibano cha mwisho, jasho linamtiririka. Touhfat alikuwa pembeni, anacheka kwa furaha.

"Kaka Rachadi, nimeunga kitanda cha shemeji yako kwanza," alisema Faouzi. "Nilijua unaona haya kuniomba. Kazi yangu itangoja. Gundi ya leo imekuwa nyepesi kidogo, sijui kwa nini, lakini itashika inshallah."

Rachadi akafungua mdomo. Wakati ulikuwapo bado: vibano vilegezwe, mbao zipanguswe, ikorogwe gundi nyingine.

"Mtu wa namna hii," Touhfat alisema, macho yake kwa Faouzi, "Moroni nzima nimemwona mmoja tu."

Rachadi akaufumba mdomo. Jumapili kitanda, na gundi yake ile ile ya maji, kikabebwa kwa ngoma hadi kwa bibi harusi, na Faouzi ndiye aliyeshika mbele.