Pumzi za Binti Mfumaji

Jumanne, tarehe 7 Machi 1899. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda juu ya mto Saône, na manyunyu yaliishukia Lyon bila haraka. Anthelme Perrachon, mpiga kinanda wa kanisa, alifanya ishara ya msalaba mlangoni mwa jumba la maonyesho, akaingia. Utunzi wa muziki alijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, na Binti Mfumaji, baleti, dansi ya jukwaani ya nusu saa, ndiyo kazi yake ya kwanza. Mazoezi ya leo yakiharibika, Bwana Gonnet, mkuu wa wachezaji, ataiondoa kwenye onyesho la Jumapili.

Na kweli yakaharibika. Mpiga piano alifika mwisho wa mstari wa kwanza, akaivuta noti. Léontine, mchezaji mkuu, alikuwa amesimama kwa ncha ya kidole cha mguu mmoja. Akangoja. Akayumba, akashuka. Mstari wa pili, yaleyale.

"Baba Anthelme," alisema akihema, "hapa namngoja nani? Tramu?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Ni pumzi, mwanangu. Kanisani kila mstari ukiisha tunatulia kidogo, akina bibi wavute hewa."

"Hao akina bibi wamekaa kwenye benchi. Mimi niko juu ya kidole."

"Jumapili tutacheza ile ya zamani," alisema Gonnet, akichukua kofia yake.

Anthelme akainamisha kichwa. Akamwomba Mungu kimyakimya.

"Subiri kidogo, bwana," Léontine akasema. "Mzee, hebu simama mguu mmoja. Mimi nitaimba."

Anthelme akavua koti, akasimama. Léontine akaimba, na mwisho wa mstari akaivuta noti kama padri siku ya Pasaka. Anthelme akapepesuka, akamwangukia mpiga piano. Gonnet alicheka mpaka akakaa chini.

Anthelme akaomba kalamu, akaanza kufuta zile pumzi moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho, pale binti anapomaliza kufuma na kutua kwa miguu yote miwili, Léontine akamshika mkono.

"Hii iache. Hapa hata mimi nataka kuhema."

Wakaanza upya. Muziki ukambeba Léontine, akazunguka, akaruka, akatua. Noti ikavutwa, na ukumbi mzima ukavuta hewa pamoja naye.

"Jumapili inachezwa," alisema Gonnet. "Na utaniletea nyingine lini?"

Anthelme akaweka mkono kifuani mbele ya wachezaji wote.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: sitaandika nyingine kabla sijasoma katika darasa lenu la baleti mwaka mzima, pamoja na watoto, nikijifunza kusimama."